Mafuta ya Cherehani

Alhamisi, 9 Novemba 2000

Anatole amekuja mchana kuniambia kwamba mume wangu amekufa. Hakukaa. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, akasema: "Mama, uvumilie. Papa Shaabani hayuko tena. Malaria njo ilimumaliza, kule njia ya Niemba." Nikamwuliza kazikwa wapi, nani kamwosha, nani kamswalia. Akasema hajui, hata yeye ameambiwa tu huko biro, ofisi ya waasi.

Nilikuwa nimeinama, ndiyo maana nikaiona miguu yake. Alikuwa amevaa mabuti ya Shaabani.

Mabuti yale nitayatambua hata kwenye lundo la mabuti mia. Soli ya kushoto Shaabani aliikata kwenye tairi la lori, na mimi niliishona kwa uzi wa nyavu, mishono kumi na tisa, wa saba umepinda. Niliuona huo wa saba.

Eda yangu imeanza leo: miezi minne na siku kumi ndani ya ua huu. Nimehesabu, nitatoka tarehe 17 Machi, mvua zikiwa bado hazijakwisha. Nimechukua daftari la kazi la Shaabani. Nusu ya mbele ni mwandiko wake, kila injini aliyoifungua na dawa aliyoipa. Nusu ya nyuma ni yangu. Naandika ili hasira yangu isipoe.

Jumamosi, 11 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Clémence, jirani yangu, ameleta sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kulia kwa niaba yangu, maana mimi machozi hayaji.

Niandike mambo yalivyokuwa, kichwa kikiwa bado kinafanya kazi. Anatole alijifunza ufundi kwa Shaabani miaka sita, hapa hapa uani. Alikula sahani moja na sisi. Waasi walipouchukua mji aliacha spana, akaenda kuwaandikia biro, na sasa yeye ndiye anayepita vijiji vya njia ya Niemba kutoza taksi, yaani ushuru. Katikati ya Oktoba alikuja kutusalimia. Mezani kulikuwa na foni, ile redio ya kuzungumzia mbali, na Shaabani hakuificha, kwa sababu humfichi kitu mtu uliyemlisha. Ilikuwa ya watu wa porini, wale wanaopigana na waasi, wameileta itengenezwe. Baada ya siku tatu askari walikuja, wakauliza moja kwa moja ile foni ya mezani iko wapi, wakamchukua Shaabani.

Mpwa wa Clémence alimwona Shaabani akipelekwa kuteka maji, miguu mitupu. Nikanunua kandambili mpya, nikaenda nazo kasho, kwenye gereza lao. Mlangoni alikaa Anatole na karatasi zake. Akanirudishia mfuko bila kunitazama. "Urudi nyumbani, Mama. Kule anaenda, hana lazima ya viatu."

Kandambili zinaning'inia kwenye msumari juu ya cherehani yangu. Sitaziondoa.

Jumanne, 14 Novemba

Mvua. Nimeshona tandiko moja. Nataka Anatole afe.

Jumapili, 19 Novemba

Ana uso mkavu yule mtu. Leo amekuja akisukuma pikipiki.

Ni ile ya rangi ya chungwa, ya mzungu aliyekuwa akichimba visima kabla ya vita. Mzungu alikimbia, biro ikaichukua, na Anatole anaitembelea kama aliyezaliwa juu yake. Naijua vizuri. Shaabani alinifundisha kuendesha kwenye mchanga wa ziwa, juu ya hiyo hiyo, mzungu mwenyewe akiwa mapumzikoni Kigoma. Alikuwa akinitania kwamba Mungu alinipa miguu mirefu kwa ajili ya pikipiki ya mzungu.

"Mama, ambreyaji imekataa. Wafundi wote wa muji wameshindwa."

"Ulitia nini?"

"Luile ya fren. Si njo kila mutu anatia?"

Kila mtu anatia mafuta ya breki kwenye klachi, ndiyo, na kila mtu anakosea. Klachi ya pikipiki hii haivutwi kwa waya. Kuna pampu ndogo juu, kwenye usukani, na nyingine chini, ubavuni mwa injini, na katikati bomba lililojaa mafuta. Ukibana mkono, pampu ya juu inayasukuma mafuta, mafuta yanaisukuma pampu ya chini, klachi inaachia. Lakini raba zake zikikutana na mafuta ya breki zinavimba. Kwenye kifuniko imeandikwa hivyo, kwa lugha ambayo hapa Kalemie haisomwi na mtu. Mzungu alimwambia Shaabani, na Shaabani akaandika katika ukurasa wa kumi na nne wa daftari hili: "Usitie mafuta ya breki. Kopo la mzungu likiisha, mafuta ya cherehani yanafaa. Nimejaribu ya Chadia." Chadia ni mimi. Siku hiyo Anatole hakuwapo.

Nilitaka kumfukuza kwa mchi. Kisha nikafikiri: huyu anapanda milima peke yake juu ya raba mbili, na raba hizo anazijua mtu mmoja tu mjini. Nikamwambia aingize pikipiki kivulini.

Kabla sijasema neno alinipa ufunguo. Ile ni sheria ya Shaabani: mkono wa fundi ukiwa ndani ya mashine, ufunguo unakaa mfukoni mwa fundi, na hautoki huko mpaka fundi apande mwenyewe, peke yake, aionje kazi yake. Miaka sita imemwingia Anatole mwilini. Mkono wake ulinyooka wenyewe.

Mzungu alituachia pakiti mbili za raba. Nimefungua moja. Zile za zamani zilitoka nene na laini, hazina kazi tena. Nikaosha pampu zote mbili, nikaweka raba mpya, nikajaza mafuta ya cherehani kwa bomba la sindano, yeye nimemtuma kunichotea maji ili asione chupa. Halafu ikabidi tutoe upepo, na kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja juu anabana mkono, mwingine chini anafungua skrubu. Miaka yote mimi nilikuwa wa juu na Shaabani wa chini. Leo nilikaa chini, mahali pa Shaabani, na juu alikuwa Anatole.

"Bana," nikasema. Akabana. "Shika." Nikafungua skrubu, povu likatoka, nikafunga. "Achia." Mara thelathini hivi. Bana, shika, achia. Macho yangu yalikuwa usawa wa mabuti.

"Na kuionja, Mama? Patron Shaabani alikuwa anaonja kila mara."

"Mwanamke wa eda ataonjea wapi? Chukua. Siku nikitoka nitaonja."

Nikamrudishia ufunguo. Ameacha nusu chupa ya mafuta ya breki, amesema haina kazi kwake tena. Kwangu inayo.

Jumatatu, 20 Novemba

Katika pakiti kulikuwa na raba moja ya akiba. Nimeijaribu kwenye kastabini yangu, ile kofia ya kidole ya kushonea. Imeingia na kutoka bila taabu. Nimeitumbukiza kwenye glasi yenye mafuta ya breki, nikaiweka nyuma ya makopo ya chai.

Alhamisi, 23 Novemba

Inaingia.

Jumanne, 28 Novemba

Ramadhani imeanza. Raba inaingia, ila kwa kusukuma kidogo.

Jumamosi, 2 Desemba

Haiingii tena. Siku kumi na mbili kwenye glasi ya baridi. Juu ya injini ya moto haziwezi kufika kumi.

Sasa najua kinachotokea. Raba ya juu ikivimba inaziba kitundu cha kurudishia mafuta. Pikipiki ikipata joto mlimani, mafuta yanatanuka, hayana pa kurudi, yanaisukuma klachi yenyewe. Injini inalia, gurudumu halivuti. Na kabla ya Niemba upo mpando mrefu wa mawe, na pande zote mbili za mpando wapo watu wa porini, ambao mtoza taksi wa waasi wanamtafuta zaidi ya chumvi. Nimefuturu kwa hamu leo.

Jumatano, 6 Desemba

Clémence ameikuta glasi. Alidhani ni dawa ya jino, akataka kunywa kidogo. Nikamnyang'anya, ikabidi nimweleze. Nilidhani atapiga ishara ya msalaba na kukimbia. Alikaa, akachambua mchele wangu wote, kisha akasema:

"Na akishakufa, nani atakwambia Papa Shaabani amelala wapi?"

Nimekasirika naye mchana kutwa.

Jumatano, 27 Desemba

Idi. Anatole ameleta nyama ya mbuzi imefungwa kwenye jani la mgomba. "Ya Papa Shaabani, alikuwa anapenda mafupa." Nimesema asante. Nyama nimempa mbwa wa Clémence, naye ni mbwa Mkatoliki, hana swaumu ya kufungua.

Clémence alisema kweli na ndiyo inayoniudhi. Nikisoma Yasini nasoma kuelekea ukutani. Wenzangu wana kaburi la kupalilia. Mimi nina neno la Anatole tu, na hata hilo la uongo, maana malaria haivui mtu mabuti.

Anione anavyotaka, mjane mpole wa kufunga skrubu. Ninachokitaka kwake kwanza ni mahali. Mengine baadaye.

Alhamisi, 4 Januari 2001

Mvua. Mto Lukuga umejaa mpaka kwenye bustani za watu.

Alhamisi, 11 Januari

Immaculée, mke wa Anatole, amekuja kushonesha blauzi ya kitenge. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na yeye. Ni mwanamke mwembamba, anaomba radhi kwa kila kitu, hata kwa kitambaa kuwa na maua makubwa. Wakati nampima mabega alisema bila kuulizwa:

"Mama Chadia, bwana wangu ule mupando wa mbele ya Niemba anauogopa sana. Juzi alinipeleka kwa dada yangu. Tulifika kwenye nguzo ya zamani ya kilomita, ile imevunjika, akanyamaza, akapiga alama ya musalaba mara tatu. Namuuliza nini, ananikaripia. Mutu anaogopa jiwe?"

Nilikosea kipimo cha bega, nikapima tena. Amekuwa akipita hapo kila wiki mbili, juu ya klachi niliyoitengeneza mimi, mabuti ya Shaabani miguuni. Nadhani ndipo alipolala Shaabani.

Alhamisi, 18 Januari

Redio inasema Rais ameuawa Kinshasa. Mtaa mzima uko nje. Mimi nimetia vifungo kwenye blauzi ya Immaculée. Sikumtoza.

Jumapili, 4 Februari

Anatole ameleta pikipiki niikague. Bana, shika, achia. Mafuta ya cherehani ni safi kama nilivyoyatia. Ameniita "Mama yangu."

Niandike na hili, maana Shaabani aliandika kila kitu, hata kilichomkera: Anatole anaitunza mashine. Skrubu zote kazifuta, mnyororo una mafuta, hajaruka hata nati moja. Shaabani alimfundisha vizuri. Hilo linaniuma kuliko uchafu ungeniuma.

Jumapili, 18 Februari

Amekuja tena. Ananiambia habari za watoto wake. Namjibu. Uso wangu umezoea.

Jumatatu, 5 Machi

Leo.

Alifika akiwa na haraka, anataka kuonekana kwenye sikukuu ya kamanda wake. Nikamwambia mafuta yamechoka, tuyabadilishe. Akanipa ufunguo. Niliyatoa ya cherehani yote, nikatia ya breki, yale yale aliyoyaacha mwenyewe Novemba. Yeye nilikuwa nimemtuma maji tena. "Bana," nikamwambia, na akabana, na kila alipobana aliyavuta mwenyewe yale mafuta mpaka chini.

"Muzuri kabisa, Mama. Nyororo."

"Nenda salama."

Ijumaa, 9 Machi

Mvua kubwa. Bati la jiko limeng'oka. Nimeosha raba za pakiti ya pili kwa mafuta ya cherehani, nikazifunga kwenye kitambaa safi.

Jumatano, 14 Machi

Amekuja na wasiwasi usoni.

"Mama, kwenye mupando injini inalia, haiendi. Nikipumuzika nusu saa inakubali tena. Hapa mujini haina neno."

Niliizungushazungusha, nikabana, nikasikiliza. "Hapa siwezi kuusikia huo ugonjwa. Ni lazima niusikie huko huko unakolia."

"Lakini uko kwa eda."

"Jumamosi natoka."

Alifurahi. Alifurahi kabisa, kama mtoto aliyeahidiwa safari. Alisema Jumapili atakuja kunichukua, na kwamba hakuna fundi mwingine ambaye angemwamini. Nimekaa na maneno hayo tangu aondoke.

Jumamosi, 17 Machi

Nimeoga, nimevaa nguo nyingine. Clémence alinipeleka mpaka ziwani, nikaingiza miguu majini. Aliuliza kama nimeamua kumuua. Nikamwambia sijui.

Jumapili, 18 Machi

Naandika mikono ikinuka mafuta.

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Nilivaa suruali ya Shaabani ndani ya kitenge. Kwenye mfuko: raba, chupa mbili za mafuta ya cherehani, bomba la sindano, spana, dumu la maji, na Yasini. Kwenye vizuizi Anatole alionyesha karatasi. Bunduki hana, ana mhuri tu.

Kwenye mpando mrefu klachi iligoma, raba zimevimba kama ile ya kwenye glasi. Injini ikapanda sauti, mwendo ukashuka, tukasimama karibu na ile nguzo iliyovunjika. Hakukuwa na mtu. Msitu ulikuwa karibu kiasi cha kuugusa.

"Umesikia?" akasema kwa sauti ya chini. "Njo hivyo. Tungojee ipoe."

"Hapana, nimeshaujua. Nitaifungua hapa hapa."

Nilinyoosha mkono. Akatoa ufunguo, akanipa. Nikautia mfukoni, nikachuchumaa, nikafungua skrubu ya chini na kuacha mafuta yote yamwagike kwenye mawe. Kisha nikakaa juu ya jiwe, nikafuta mikono.

"Mama? Mafuta ya kurudishia uko nayo?"

"Ninayo. Shaabani yuko wapi?"

Kwanza alijifanya hajasikia. Halafu akaanza tena habari ya malaria. Nikamwonyesha buti la kushoto, nikamhesabia mishono mpaka wa saba. Akapiga hatua moja kuja kwangu, macho yakiwa kwenye mfuko wa suruali.

"Ninyang'anye," nikamwambia. "Wewe una nguvu. Lakini nitapiga yowe, na unajua nani atakuja. Mimi watanijua. Ni mke wa aliyewatengenezea foni. Na wewe watakujua pia."

Alikaa chini katikati ya barabara. Nilishangaa jinsi alivyokuwa mdogo akikaa. Aliongea akitazama msitu.

"Biro waliniuliza foni inatengenezwa kwa nani. Waliniuliza mara tatu. Nikasema. Nilifikiri watamupiga kidogo, watamuachilia. Kisha wakasema waende Niemba kwa miguu, watu saba, na muzigo, na mie nionyeshe njia. Mabuti waliyagawa kasho, haya yalinifaa. Mama, ule mawe... Papa Shaabani miguu ilipasuka. Hapa akakaa. Akaniita kwa jina. Akasema, Anatole, nipe hata buti moja, ile ya kuume. Nikamwambia songa, patron, songa. Askari moja alichoka kungoja."

Nilitaka aendelee na nilitaka anyamaze.

"Walitaka kumuacha hapo. Nikaomba. Nilichimba na sahani ya kulia, peke yangu. Nilimulaza upande wa kuume, kama niliona kwenu siku ya kumuzika muzee Seifu. Makka sikujua iko wapi, nikamwelekeza kwa ziwa."

Eda nzima nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wake. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Ni sahani ile niliyoichukia zaidi ya yote, kwa sababu sikuweza kuichukia.

Kaburi liko hatua ishirini kutoka nguzo iliyovunjika. Kapanga mawe pembeni. Nyasi hazikuwa ndefu, mtu amekuwa akizing'oa. Alitaka kukaribia, nikamwambia: "Vua viatu. Hapa ni kaburini." Akavua mabuti, akayapanga pamoja, akasimama nyuma yangu na soksi zilizotoboka. Nilisoma Yasini yote. Machozi yalikuja kwenye aya za mwisho, mengi, ya miezi yote. Nilimwambia Shaabani kwamba klachi ya mzungu ningali naiweza.

Nilipoinuka niliyachukua mabuti nikayatia kwenye mfuko wangu wa spana na kufunga zipu. Anatole aliona.

Halafu tulifanya kazi. Niliiosha pampu ya juu na ya chini, chupa moja nzima ilikwisha kwa kuosha, nikaweka raba mpya za pakiti ya mwisho, nikajaza. Safari hii sikuificha chupa. Aliitazama lebo yenye picha ya cherehani kwa muda mrefu.

"Mafuta ya cherehani," akasema. "Tangu zamani?"

"Tangu zamani. Bana."

Akabana, akiwa amesimama na soksi juu ya mawe makali.

"Shika. Achia. Bana. Shika. Achia."

Mpaka mkono wa klachi ukawa mgumu na mzuri. Kazi ile ilikuwa safi. Shaabani angetia sahihi. Nikakaza skrubu, nikafunga kifuniko, nikapanda. Nikakunja kitenge kiunoni, nikageuza usukani kuelekea Kalemie, nikawasha.

"Mama, unaenda wapi?"

"Naonja."

Alitabasamu. Naapa alitabasamu, kwa sababu ndiyo sheria, fundi anaonja peke yake, na fundi hurudi. Niliachia klachi polepole kama nilivyofundishwa mchangani. Iliachia vizuri. Kwenye kona ya kwanza nilimwona kwenye kioo, angali amesimama na mkono kiunoni akingoja. Kwenye kona ya pili alikuwa anakimbia.

Shaabani alitembezwa njia ile miguu mitupu. Ni haki na yeye aitembee.

Kwenye daraja la Lukuga askari walinisimamisha. "Fundi," nikasema. "Naonja ambreyaji." Walicheka, wakanyanyua mti wa kizuizi.

Jumatatu, 19 Machi

Pikipiki nimeipeleka biro mwenyewe, nimeiosha kwanza. Kamanda aliuliza Anatole yuko wapi. Nikasema anakuja kwa miguu. Alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaacha kucheka, akauliza inakuwaje mtu anampa mwanamke pikipiki ya biro na kubaki porini. Nikasema hilo aulizwe mwenyewe. Akauliza kama klachi imepona. Nikamjibu kwamba imepona, na kwamba siku itakapougua tena, mjini kuna mtu mmoja anayejua inakunywa nini. Akanitazama vizuri. Nikarudi nyumbani.

Jumanne, 20 Machi

Mvua. Hajafika.

Jumatano, 21 Machi

Mvua. Mara tatu nimetoka kutazama barabara. Sijui natazamia nini.

Alhamisi, 22 Machi

Clémence amekuja mbio: Anatole amefika darajani asubuhi, amefunga miguu kwa majani na vipande vya shati. Wamemtia kasho. Wanasema amekula njama na watu wa porini, la sivyo wangemwacha vipi hai.

Ijumaa, 23 Machi

Immaculée alikuja baada ya swala ya adhuhuri. Alivaa ile blauzi ya maua. Hakuuliza nilimfanyia nini mumewe. Labda anajua, labda anaogopa kujua.

"Mama Chadia, kesho wanamupeleka Nyunzu, kwa miguu. Nyayo zake zimekuwa nyama tupu. Nilifikiri... unayo yale mabuti. Naomba tu."

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyalaza mdomoni tangu Oktoba, nikiyageuza, nikiyanoa, kila nikikaa kwenye cherehani na kutazama juu. Kule anaenda, hana lazima ya viatu. Nilifungua kinywa niyaseme. Alikuwa ameshika mfuko mtupu kwa mikono miwili, mbele ya tumbo, vile vile nilivyoushika mimi mlangoni pa kasho.

"Mabuti ni ya mume wangu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akageuka. Nikapanda juu ya kiti, nikazitoa kandambili kwenye msumari, nikapangusa vumbi kwa upindo wa kitenge.

"Mpe hizi. Mwambie ni zile alizonirudishia. Ni mpya, hazijavaliwa na mtu."

Aliondoka akikimbia kwa sababu mvua ilikuwa inaanza. Yale maneno nimeyameza. Nimepaka mabuti mafuta ya cherehani kidogo, ngozi imelainika. Nimeyatundika kwenye ule msumari.